Kochi la Hoteli Nyumbani kwa Bibi Mwanakombo

Siku moja nikiikumbuka bado mwili unanisisimka, mwanangu, nayo ni ile siku Fundi Salimu alipouvunja ukuta wa mbele wa nyumba yetu pale Msambweni ili kochi lipate kupita. Nilikuwa mwari, sijaolewa bado. Nimesimama uani na ndoo ya maji, nasikia udongo unaporomoka, na mama yangu Mejumaa anawaambia wanaume, "Polepole jamani, msilikwaruze." Ukuta umelala chini, vumbi limejaa mpaka kwenye vyungu, na yeye anahofia ngozi ya kochi.

Ukiona naruka huku na huku katika maneno yangu, unisamehe. Tangu juzi situlii. Nikilala nageuka, nikikaa nainuka, nimeshaufagia uwanja asubuhi nikasahau, nikaufagia tena. Mjukuu wangu Zuhura, aliyeolewa Bongwe, alinipigia simu ile ya kuonana uso, akaigeuza simu yake anionyeshe viti katika duka moja la Ukunda. Viti vikubwa, vyeupe, vina mikono minene kama ya mtu aliyevimba. Anataka kuutoa mtaji wake wote wa bajia na viazi vya karai avinunue. Nikamuuliza kumetokea nini. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema kwamba wifi yake Saumu alimtembelea, akautazama ukumbi wake, akauliza, "Wageni wenu huwa mnawakalisha wapi?"

Nikamwuliza Zuhura, hivyo viti sasa ni vya nani? Akacheka. "Ni vyangu, nyanya, vya nani tena?" Mimi sikucheka. Nilimwambia simu inaishiwa moto, nikaikata, na haikuwa imeishiwa moto.

Basi haya ni yake, na ni yako wewe mwanangu unayesoma, maana naona nyinyi nyote mmekuwa watu wa kuonyeshana picha za vitu.

Nyumba yetu ilikuwa ya Bibi Mwanakombo binti Kassim, mzaa mama. Aliingia humo bibi harusi, akazaa humo, akafiliwa na mume humo. Ilikuwa nyumba ya udongo na makuti, na ukumbi wa mbele mpana, sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, baridi hata jua likiwa kali namna gani. Vyumba vilikuwa vidogo, vya kulala tu. Ukumbi ndio uliokuwa nyumba. Baada ya sala ya adhuhuri wanawake walikuja pale kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Alikuja Bi Riziki jirani yetu, Bi Mwanasha, Bi Fatuma wa Omari. Walikaa chini, migongo ukutani, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Mimi nimejifunza kusuka hapo, na nimejifunza na mengine ambayo mwari hakustahili kuyasikia.

Mama na Bi Riziki ndio waliokuwa wakiipeleka mikeka Diani, kwenye hoteli. Kulikuwa na hoteli moja kubwa iliyokuwa ikiinunua kwa vyumba vyake. Siku moja walifika, wakaambiwa mnunuzi ana shughuli, wangoje. Wakangoja wima pale penye mapokezi. Mama alikuwa amebeba mikeka kichwani tangu barabarani, na mguu wake mmoja ulikuwa na maumivu ya zamani. Kulikuwa na kochi jekundu la ngozi, refu, limepinda kama mwezi mchanga, halina mtu. Mama akakaa pembeni kabisa, nusu ya makalio.

Askari akaja. Jina lake nalikumbuka lakini silitaji, maana ana wajukuu hapa hapa Waa ninapoishi sasa na ni watoto wazuri. Akamwambia, "Mama, hapo pana wenyewe. Inuka." Kisha akachukua kitambaa akapafuta pale alipokuwa amekaa.

Kule kuinuliwa angekusahau. Ni kitambaa kile, mwanangu. Bi Riziki ndiye aliyetusimulia, na Mama alipomsikia anasimulia aliingia chumbani. Bibi Mwanakombo alitwambia tumwache, litapita. Halikupita. Akawa mtu wa kuanza kazi na kuiacha, anasuka kidogo anafumua, anatoka mlangoni anatazama njia kana kwamba kuna mtu amemwita.

Haukupita muda mrefu, hoteli ile ikabadili wenyewe. Wapya wakaja na vitu vyao, vya zamani wakaviuza. Watu wa Ukunda walikwenda wakarudi na vitanda, mapazia, sahani. Mama naye alikwenda. Sisi tulidhani anafuata sufuria. Kumbe alikuwa ameshafika kwa mtu wa Gazi akamuuzia minazi yake, ile aliyorithi kwa babake, iliyokuwa ikitupa nazi za kupikia na nyingine za kuuza. Hakumshauri mama yake, wala hakumshauri mdogo wake wa kiume, Mjomba Hamisi, aliyekuwa akiishi Lunga Lunga. Lori likasimama mbele ya nyumba, na juu yake lile kochi jekundu.

Mlangoni halikupita. Walilisimamisha, wakalilaza, wakalipindua, wapi. Limepinda, halina pembe ya kuanzia. Ndipo alipoitwa Fundi Salimu, akaung'oa mlango na fremu yake, akavunja ukuta upande mmoja. Kochi likaingia. Akaujenga upya, na safari hii alitumia mawe na saruji, akaegemeza hapo na nguzo ya paa, ili pasianguke tena. Alifanya kazi nzuri mno, na ubora huo ndio uliokuja kututesa.

Bibi Mwanakombo alingoja mpaka wanaume walipoondoka. Akamwuliza Mama, "Sasa hili, siku likitakiwa kutoka, litatokea wapi?"

Mama akasema, "Litoke liende wapi?"

Kochi lilichukua ukumbi wote. Ukiingia ulipita ubavuubavu kama kaa. Na raha ya kulikalia, mwanangu, haikuwepo. Ukilikalia na joto letu hili, ngozi inakushika mapajani, ukiinuka inabanduka kwa sauti. Mama akalifunika leso. Leso zikawa zinateleza, akawa anazirudisha kila saa. Akaogopa mchwa, maana sakafu ilikuwa ya udongo, akaisimamisha miguu ya kochi ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, nyumba nzima ikanuka mafuta. Kuku akaingia akataga katikati ya mto, Mama akamfukuza mpaka barabarani. Upepo wa baharini ukija na unyunyu wake, anafunga madirisha. Yeye mwenyewe sikumwona amelikalia akatulia. Alikaa pembeni, nusu ya makalio, kisha akakumbuka kitu akainuka.

Na wale wanawake wakapungua. Hakuna aliyegombana. Siku ya kwanza walikuja wakasimama, hawajui wakae wapi. Chini hapana nafasi, na juu ya kochi hawawezi kusuka, ukindu unakwaruza. Bi Fatuma alijaribu kukaa, Mama akamtazama tu ule ukindu wake uliolowa maji, naye akainuka akasema amesahau chungu motoni. Kesho yake walikaa kwa Bi Riziki. Tukawa tunasikia vicheko vyao kupitia ua wa makuti, Mama anazunguka na kitambaa mkononi anafuta kochi. Alikuwa na kitambaa, mwanangu. Naona hakujua kwamba anacho.

Kisha Bibi Mwanakombo akaugua. Alianza kwa kifua, akadhoofika, akawa hatoki tena katika kile chumba chake kidogo. Siku moja alituita mimi na Mama, akasema maneno machache, tena kwa upole. "Mejumaa, mimi sina wasia wa mali. Nikifa nioshwe humu ndani mwangu, nitokee kwa mlango niliouingilia. Msinipeleke kwa watu kuoshwa kama niliyefia safarini." Mama akamshika miguu akamwambia mama, utapona. Akasema, "Nimekuuliza kupona? Nimekwambia mlango."

Alikufa baada ya sala ya alfajiri. Nyumba ikajaa kabla jua halijapanda. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, na ikasemwa atazikwa kabla ya sala ya alasiri, kama ilivyo kawaida yetu kutomchelewesha maiti. Mjomba Hamisi alifika kutoka Lunga Lunga akiwa nyuma ya pikipiki, macho mekundu. Na hapo ndipo jambo lilipotukwama. Maiti huoshewa penye nafasi, kitanda cha kuoshea kinawekwa, chini yake unachimbwa mfuo wa kupokea maji, waoshaji wanazunguka. Chumba cha Bibi hakikutosha hata kugeuzia kitanda. Kwetu pa kuoshea ni ukumbini, na ukumbini kuna kochi.

Fundi Salimu akaitwa. Akaupapasa ukuta wake mwenyewe, akapiga ngumi mara mbili, akatikisa kichwa. Akamwambia Mjomba kwamba kuuvunja ni kazi ya kutwa, na nguzo ile ikilegea paa litakuja chini na waombolezaji wamo ndani. Mjomba akasema basi kochi likatwe. Akamtazama dadake.

Mama alikuwa amesimama ameshika mgongo wa lile kochi. Hakuwa amelia tangu alfajiri. Akasema, "Mpitisheni uani. Akaoshwe kwa Riziki."

Watu wote waliujua wasia, maana Bibi Mwanakombo hakuwa mtu wa kuongea na wawili tu. Lakini nani atamwambia mtoto wa marehemu, mkubwa wao, siku mama yake amelala ndani? Mjomba alitazama miguu yake. Wazee wa kike wakaanza kunong'ona dua. Saa zinakwenda, maji ya kuoshea yameshapashwa moto, yanapoa, yanapashwa tena. Mimi natoka uani narudi ndani, natoka narudi, sina ninalofanya.

Sasa ujue kitu hiki, maana nyinyi wa leo mnakisahau. Ukoo wa Bi Riziki na ukoo wetu ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya maiti, kukuchekesha, kukupokonya sahani, na huna haki ya kukasirika. Kuna ukweli ambao watu wa damu hawawezi kuusema, na kuusema ndiyo kazi aliyoachiwa yeye.

Bi Riziki akapenya katikati ya watu. Akavua makubazi, akapanda juu ya kochi na miguu yake yenye vumbi, akalala chali, akajifunika leso gubigubi.

"Maiti ni mimi," akasema kutoka ndani ya leso. "Huyo Mwanakombo mpitisheni uani, yeye ni mwenye nyumba tu. Mimi mwenye kochi nitoeni mbele."

Kicheko kikamtoka mtu mmoja, akakiziba. Kikamtoka mwingine.

"Hamisi, umesimama kama mwiko, shika kichwani. Salimu, shika miguuni. Na polepole, msije mkanikwaruza."

"Riziki, inuka," Mama akasema.

"Uliona wapi maiti akainuka?"

"Riziki, nakuomba."

Bi Riziki akafunua leso usoni. Hakuwa akicheka tena. "Yuko wapi yule askari, Mejumaa? Nimelala na miguu yangu michafu. Mbona haji kuniinua?"

Mama akatazama mlangoni. Wallahi alitazama mlangoni kweli, kama mtu anayemngoja. Palikuwa na watoto wa jirani na mbuzi wa Bi Mwanasha. Akakaa chini, sakafuni, pale palipobaki nafasi ndogo kati ya kochi na ukuta, magoti kifuani. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukaa tu."

"Najua," Bi Riziki akasema. "Nilikuwepo."

Kisha akamwita fundi bila kuinua kichwa. "Salimu, lete msumeno."

Fundi Salimu alikata akitokwa jasho, na msumeno ulipoichana ile ngozi nyekundu ya kizungu, yakamwagika ya ndani. Ilikuwa usumba. Nyuzi za makumbi ya nazi, mwanangu, haya haya tunayoyafukia mchangani ufukweni yakaoza, tukayatwanga tukasokota kamba. Na mbao zake zilikuwa za makasha, nyingine bado zina misumari iliyopinda. Watu wakasogea kutazama.

Bi Riziki akaokota konzi moja, akainusa, akamwekea Mama mapajani. "Mtani wangu, umeuza minazi, umenunua makumbi."

Mama akacheka. Alicheka akaziba mdomo kwa leso, na hapo hapo machozi ya mama yake yakamtoka, yale ambayo tangu alfajiri yalikuwa yamekataa. Akamlilia Bibi Mwanakombo mpaka Mjomba akaja akamshika mabega. Vipande vilitolewa mlangoni kimoja kimoja. Ukumbi ukafagiwa, mfuo ukachimbwa, na Bibi Mwanakombo akaoshwa ndani mwake na mtoto wake mwenyewe. Jeneza likaingia kwa mbele, likatoka kwa mbele, na wanaume wakalipokea kwa shahada. Sisi wanawake tulibaki tumesimama ukumbini, bega kwa bega, tukatosha.

Sitaki nikudanganye kwamba yaliisha vizuri. Minazi haikurudi. Yule mtu wa Gazi alikuwa muungwana, alituletea madafu kwa mfungo, lakini miti ilikuwa yake. Mama kila alipokuwa na safari ya upande ule alizunguka njia ya mbali asiione, mpaka uzee wake, na kuipikia familia kwa nazi za kununua lilikuwa jambo lililomuuma kila alipokaa kwenye mbuzi kukuna. Wakati wa matanga wanawake walilala kwetu wamejaa sakafuni kama dagaa, na baada ya arubaini wakarudi na ukindu wao. Siku moja tukiwa wawili tu, ananishonea mkeka wa harusi yangu, aliniambia bila kuulizwa, "Nililinunua kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hata njia ya kuja kwetu haijui." Akaendelea kushona.

Kwa hiyo, Zuhura wangu, na wewe mwanangu mwingine, nasaha yangu ni hii, naisema wazi nisije nikaitwa nyanya wa mafumbo. Sikukatazi kununua kitu kizuri. Nunua, na ukipenda nunua kizuri kuliko vyote, kama roho yako inakitaka na nyumba yako ina pa kukiweka. Lakini kabla hujatoa mkono, jiulize ni nani unayemjibu. Ukiona unamjibu mtu aliyekudharau, ngoja. Iache hasira ikae siku zake, ipoe. Dharau haiuzwi dukani wala dawa yake haiuzwi dukani. Wifi yako Saumu atakuja mara moja, atasema ni vizuri, au atasema vya fulani ni vizuri zaidi, kisha atakwenda kwake alale. Wewe ndiye utakayebaki unafuta. Na ule mtaji wa bajia, Zuhura, ndio unaokuamsha asubuhi ukiwa na kazi ya kufanya. Ukishautoa, utaamka uvitazame viti.

Jiulize pia hicho kitu kitawafanya nini watu wako. Kuna kitu ukikiingiza, watu wanaongezeka. Kuna kingine ukikiingiza, watu wanasimama mlangoni hawajui waweke wapi miguu. Chunguza na ndani yake, uliza kimetengenezwa kwa nini, papasa, gonga, fungua. Usione haya na muuza duka. Na shauriana, mwanangu, hasa na yule asiyeogopa kukucheka, maana ndiye rafiki.

Kesho nitampigia Zuhura, na safari hii sitaikata simu. Kama ameshavinunua, nitakwenda Bongwe nikavikalie, nimsaidie kuvizoea. Kama hajavinunua, nitakwenda vile vile, na mkeka wangu kwapani.

Mwenyezi Mungu akutosheleze kwa chako, mwanangu. Akupe biashara ya halali isiyokunyima usingizi, akupe jirani wa kukwambia kweli siku ndugu wameogopa, na pale watu watakapokudharau akushushie utulivu moyoni kabla hujanyanyua mkono. Uishi na watu, uzeeke na watu, na watu wakushindikize. Amin.